Siku ya Saba Gilgali: Uchambuzi wa Kisa cha Sauli

Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, alianza kuupoteza ufalme akiwa madhabahuni. Hakukutwa amelewa, wala na fedha ya wizi, wala na mke wa mtu. Alikutwa akitoa sadaka. Kwa sababu hiyo naona kisa cha 1 Samweli 13 kinamgusa mchungaji, mzee wa kanisa na kiongozi wa vijana kuliko visa vingi tunavyopenda kuhubiri. Hapa yupo mtu aliyepakwa mafuta, anafanya jambo la kidini, kwa bidii, tena mbele ya watu, na anaambiwa amefanya upumbavu.

Hali ilivyokuwa

Sauli alikuwa amechagua watu 3,000. Kati yao 2,000 walikaa naye Mikmashi na katika mlima wa Betheli, na 1,000 wakawa na mwanawe Yonathani huko Gibea. Yonathani akaipiga ngome ya Wafilisti iliyokuwa Geba. Sauli akapigisha tarumbeta nchi nzima, na habari iliyowafikia watu ikawa kwamba Sauli ndiye aliyepiga. (Hili nalipita tu, ila aliyewahi kuhudumu chini ya kiongozi wa namna hiyo hahitaji maelezo.)

Wafilisti wakajibu kwa jeshi zima. Maandiko ya Kiebrania yanataja magari 30,000, ingawa baadhi ya nakala za kale husoma 3,000. Walikuwapo pia wapanda farasi 6,000 na askari wa miguu wengi kama mchanga wa pwani. Upande wa Israeli hapakuwa na mhunzi hata mmoja. Wafilisti walihakikisha hivyo ili Waebrania wasijifulie panga wala mikuki, na mtu akitaka kunoa shoka lake ilimbidi ashuke kwa adui na kulipia. Siku ya vita, upanga na mkuki vilionekana kwa watu wawili tu, Sauli na Yonathani. Wengine walijificha mapangoni, vichakani, kwenye majabali na mashimo. Wako waliovuka Yordani kwenda nchi ya Gadi na Gileadi. Waliobaki na mfalme Gilgali walikuwa wanatetemeka.

Katikati ya hofu hiyo lilikuwapo agizo. Nabii Samweli alikuwa amemwambia Sauli, katika 1 Samweli 10:8, ashuke Gilgali angoje siku 7 hadi yeye Samweli atakapokuja kutoa sadaka za kuteketezwa na sadaka za amani, kisha amwonyeshe la kufanya. Wafasiri hujadiliana kuhusu muda uliopita kati ya agizo lile na vita hivi, maana mwanzoni Sauli ni kijana aliyetumwa kutafuta punda wa baba yake, na sasa ana mwana anayeongoza kikosi. Mjadala huo hautubadilishii jambo. Sura ya 13:8 inasema wazi kwamba muda wa siku 7 uliwekwa na Samweli, na Sauli aliujua.

Siku ya saba ikafika. Samweli hajaonekana, watu wanazidi kutawanyika. Sauli akaagiza aletewe sadaka ya kuteketezwa na sadaka za amani. Ile ya kwanza akaitoa. Alipokuwa ndiyo kwanza ameimaliza, kabla hatujasikia lolote la sadaka za amani, Samweli akatokea. Sauli akatoka kumlaki na kumsalimu. Samweli hakuingia kwenye salamu. Aliuliza: umefanya nini?

Kosa lilikuwa wapi?

Jibu linalosikika sana ni kwamba Sauli aliingilia kazi ya ukuhani. Lina mvuto, kwa sababu mfalme Uzia baadaye alipigwa ukoma kwa kuingia hekaluni kufukiza uvumba. Lakini Daudi anasemwa kutoa sadaka siku sanduku la Mungu lilipoletwa Yerusalemu, na Sulemani vilevile huko Gibeoni, na hakuna nabii aliyewakemea. Huenda walitoa kwa mikono ya makuhani, na huenda Sauli naye alifanya hivyo hivyo. Samweli mwenyewe hakutaja ukuhani. Alichotaja ni kwamba Sauli hakuishika amri aliyopewa.

Basi turudi kwenye amri yenyewe, maana wengi huisoma nusu. Samweli hakusema tu “ngoja nije nitoe sadaka.” Alisema angoje mpaka aje amwonyeshe la kufanya. Sadaka ingetangulia, na neno la Mungu kuhusu vita lingefuata. Sauli alikuwa anangojea maelekezo, na sadaka ilikuwa mlango wa kuingilia. Yeye akaufanya mlango kuwa nyumba. Alipoteketeza mnyama aliona jambo limekamilika, wakati kile alichokihitaji kuliko vyote, neno la kumwambia aende wapi na wale watu wachache, hakuwa nacho bado.

Halafu angalia kilichotokea. Samweli alimwambia ufalme wake hautadumu, akaondoka Gilgali kwenda Gibea. Katika mazungumzo yote yale hakuna hata mstari mmoja wa maelekezo ya vita. Sauli alipata sadaka akakosa neno. Jambo la kwanza tunaloambiwa alifanya baada ya hapo ni kuwahesabu watu waliobaki. Walikuwa kama 600.

Utetezi wake nao usipitwe haraka, kwa sababu kila sentensi ndani yake ni ya kweli. Aliona watu wanatawanyika: kweli. Samweli hakuja katika siku zilizowekwa: kwa jinsi alivyoziona yeye, kweli. Wafilisti wamekusanyika Mikmashi: kweli. Kisha anasema alijilazimisha kutoa sadaka kwa kuwa alikuwa hajaomba fadhili za Bwana. Mtu anaweza kupanga kweli tatu na bado njia aliyoichukua ikawa mbovu. Tazama mpangilio wake: watu ni wa kwanza, nabii wa pili, adui wa tatu, na Mungu anakuja mwishoni, kama mhuri wa kugongwa kwenye uamuzi uliokwisha kuandikwa.

Hapo ndipo naliona kosa lenyewe. Sauli aligeuza ibada kuwa kamba ya kuwafunga watu wasiondoke. Alijua moshi wa madhabahu una nguvu ya kuwatuliza. Mchungaji anayeona viti vinabaki wazi kila Jumapili, na papo hapo anatangaza wiki ya kufunga ambayo hakuiombea hata usiku mmoja, anaielewa hesabu ya Sauli vizuri kabisa. Kufunga ni kwema. Swali ni nani aliyetangaza kufunga huko, Roho au viti vilivyo wazi.

Siku sita ambazo hazikuandikwa

Kuhusu siku ya saba tunaambiwa mengi. Kuhusu siku ya kwanza hadi ya sita, Maandiko yamenyamaza. Hatusomi kwamba Sauli aliomba, wala kwamba aliita mtu amsomee torati, wala kwamba aliketi na watu wake akawakumbusha mahali walipo. Na Gilgali si mahali pa kawaida. Ni pale Yoshua alipoyasimamisha mawe 12 yaliyotolewa Yordani ili watoto wakiuliza waambiwe jinsi Mungu alivyoukausha mto. Kambi ya watu wanaotetemeka ilikuwa kwenye ardhi yenye ushuhuda wa Mungu kuokoa.

Siwezi kujenga hoja nzima juu ya ukimya, ila ukimya huu una mwenzake. Katika 14:35, baada ya vita, Sauli anajenga madhabahu, na mwandishi anaongeza kwamba hiyo ndiyo madhabahu ya kwanza aliyomjengea Bwana. Ya kwanza! Mtu amekuwa mfalme, ameongoza majeshi, ameahidiwa na kuonywa na nabii, na sasa ndipo anajenga madhabahu yake ya kwanza, tena kwa dharura, kwa sababu askari wenye njaa walikuwa wamekula nyama pamoja na damu.

Linganisha na sheria ya mfalme katika Kumbukumbu la Torati 17:18–20. Mfalme akiketi juu ya kiti chake, ajiandikie nakala ya torati, awe nayo, asome humo siku zote za maisha yake. Ni ibada ya kila siku kwa mwenye cheo, imewekwa katika sheria hata kabla Israeli hawajawa na mfalme. Na makusudi yake yametajwa: ajifunze kumcha Bwana, ashike maneno hayo, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake, asigeuke kuume wala kushoto, apate kudumu katika ufalme yeye na wanawe. Ukisoma orodha hiyo hukuti popote kwamba mfalme asome ili apate la kuwaambia watu.

Kwa hiyo mtumishi anayefungua Biblia tu anapotafuta neno la Jumapili bado hajaanza ibada yake. Anafanya kazi, na kazi hiyo ni halali, lakini inamlisha mwingine. Ukimsikiliza kwa muda utajua: kila mstari anaouona anauona ukiwa tayari mdomoni, una vichwa vitatu na kelele za “amina.” Haumfikii yeye kwanza. Siku ikija ambayo watu wanatawanyika na simu haipokewi, hana akiba, kwa sababu vyote alivyokusanya alivigawa Jumapili iliyopita.

Subira haiwezi kutengenezwa siku ya saba. Siku ya saba inaonyesha kilichowekwa moyoni siku zile ambazo hakuna aliyekuwa anaangalia. Ninaposema ibada ya kila siku simaanishi kitu kikubwa. Ni saa ileile, mahali palepale, kifungu ambacho hutakihubiri, maombi ambayo hayana jina la mradi ndani yake. Kwa miezi mingi hutaona tofauti yoyote. Viongozi wengi huacha hapo, na siwashangai, maana huduma imetuzoeza kupima kila kitu kwa matokeo, na ibada ya siri haina takwimu ya kupeleka kwenye kikao.

Sura ya 14 inaongeza ushahidi

Kama Gilgali ingekuwa ajali ya siku moja, tungeweza kumhurumia Sauli na kufunga faili. Sura inayofuata hairuhusu. Yupo chini ya mkomamanga huko Migroni na watu wake 600, na kuhani Ahiya yuko hapo na naivera, vazi la kikuhani lililotumika kuuliza neno la Mungu. Kelele zinaanza kusikika kutoka kambi ya Wafilisti. Sauli anamwita kuhani ili waulize kwa Mungu. Wakiwa katikati ya jambo hilo, kelele zinazidi, naye anamwambia kuhani arudishe mkono wake. Maombi yanakatishwa njiani kwa sababu nafasi inaonekana inapita.

Gilgali alishindwa kungoja nabii. Migroni alishindwa kungoja jibu. Muda mfupi baadaye anawaapisha askari wasile kitu mpaka jioni, kiapo cha kidini kilichowachosha watu na kukaribia kumuua Yonathani, aliyeonja asali bila kujua. Jioni anauliza kwa Mungu kama awafuatie Wafilisti, na hajibiwi. Hebu liangalie jambo hili kwa jicho la mwumini wa kawaida: kwa siku moja kiongozi wake amemwita kuhani, amefungisha jeshi, amejenga madhabahu na kupiga kura takatifu. Shughuli za kiroho ni nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yake. Anayesikiliza hayupo.

Yonathani anafanya kinyume, naye anatusaidia tusidhani kuwa subira ni kukaa. Sauli chini ya mkomamanga amekaa kabisa, na hakuna anayemsifu kwa subira. Yonathani anapanda genge kwa mikono na miguu pamoja na mchukua silaha wake. Tofauti yao iko kwenye neno moja analolisema katika 14:6: huenda Bwana atatutendea kazi, kwa maana hakuna la kumzuia asiokoe kwa wengi au kwa wachache. “Huenda.” Hamlazimishi Mungu, anaomba ishara, na yuko tayari kubaki chini kama ishara haikuja. Wawili wale waliangusha watu kama 20, hofu ikaingia kambi nzima.

Na wale waliokimbia? Mstari wa 21 na wa 22 unasema Waebrania waliokuwa upande wa Wafilisti waligeuka wakajiunga na Israeli, na waliojificha katika milima ya Efraimu nao wakatoka wakaingia vitani. Watu ambao Sauli aliwachomea sadaka ili wasiondoke walirudi wenyewe, wala si kwa sababu yake.

Kiongozi mwingine, watu 600 pia

Miaka ilipita, na Daudi akajikuta Siklagi katika hali mbaya kuliko ile ya Gilgali. Mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki, na watu wake 600 hawafikirii kumwacha. Wanafikiria kumpiga mawe. 1 Samweli 30:6 inasema Daudi alijitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Kisha akamwambia kuhani Abiathari alete naivera, akauliza: nilifuatie jeshi hili? Nitalipata? Akangoja jibu, akalipata, akaondoka.

Nguvu ile haikutokea pale pale kwenye majivu. Alikuwa mtu aliyezoea kuuliza. Katika mji wa Keila aliuliza, tena mara mbili kwa vita moja, kwa sababu watu wake waliogopa. Katika pango la En-gedi watu wake walimwambia hii ndiyo siku aliyoahidiwa, Sauli yuko mikononi mwake, na yeye akakata kipande cha vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo.

Lakini tusimpambe. Daudi hakuzaliwa mpole. Nabali alipomtukana, alijifunga upanga akaondoka na watu kama 400 kwenda kuua wanaume wote wa nyumba ile, na hatusomi kwamba aliomba naivera siku hiyo. Abigaili, mke wa Nabali, ndiye aliyemzuia njiani kwa chakula na maneno ya hekima. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo viongozi wanaosema, “Mimi nina hasira za kuzaliwa, subira si karama yangu.” Daudi naye alikuwa nazo. Aliruhusu mtu amsimamishe, na alikuwa na mahali pa kurudi. Alitiwa mafuta akiwa kijana anayechunga kondoo, akaketi mfalme Hebroni akiwa na miaka 30, na kati ya siku hizo mbili sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa mapango na jangwa.

Kwa aliye kwenye siku yake ya sita

Mtu akiniuliza afanye nini wakati washirika wanahama, wazee wanamtaka atangaze jambo, na yeye hajasikia lolote kutoka kwa Mungu, ningemwelekeza kwanza Marko 1:35–38. Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu kuomba. Simoni na wenzake wakamfuata na ujumbe unaofanana sana na shinikizo la kila kiongozi: watu wote wanakutafuta. Jibu lake lilikuwa twende mahali pengine, katika vijiji vilivyo karibu. Umati ulikuwa na matakwa yake, naye alikuwa tayari ametoka kwenye maombi akiwa na mwelekeo. Mtu wa kawaida aliyetoka kitandani moja kwa moja akakutana na ule ujumbe angerudi mjini.

Kisha ningemwomba atenganishe mambo mawili ambayo Sauli aliyachanganya: uamuzi uliotoka kwa hofu, na jina la Mungu. Kiongozi ana haki ya kufanya uamuzi wa kawaida akiwa na taarifa pungufu. Anaweza kusema, “Ndugu zangu, nimeona tubadilishe ratiba, tujaribu.” Hilo halimchafui mtu. Hatari inaanza anapoongeza “Bwana amesema nami” ili asiulizwe. Kama hujaambiwa, sema hujaambiwa. Waumini wanaweza kubeba ukimya wa mchungaji kuliko tunavyodhani. Wanachoshindwa kubeba ni sauti ya Mungu iliyobadilika mara tatu kwa mwaka.

Na awe na mtu. Sauli alikuwa na Samweli aliyekawia, ila katika sura nzima ya 13 hatusomi kwamba alimwomba mtu mwingine yeyote ushauri. Yonathani alikuwapo. Mzee mmoja mwenye busara angemwambia, “Mfalme, jua halijazama.”

Wako pia ambao siku yao ya saba imeshapita. Sadaka imeshateketezwa, tangazo limeshasomwa, michango imeshakusanywa kwa jambo ambalo Mungu hakuliagiza. Kwao kielelezo cha kuepuka kiko katika 1 Samweli 15:30, baada ya kisa cha Waamaleki, ambapo Sauli hakutimiza agizo la kuwaangamiza kabisa. Sauli anakiri kwamba ametenda dhambi, na katika pumzi ileile anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Toba hiyo bado inawaza viti. Kiongozi anayetaka njia nyingine aanze na wazee haohao ambao Sauli aliogopa kuaibika mbele yao: awaite, aseme tangazo lile lilikuwa langu, halikuwa la Bwana, na fedha zilizotolewa kwa ajili yake zitajadiliwa hapa hapa kabla hatujaachana. Kikao hicho kitakuwa kirefu, na huenda wengine wataondoka baada yake. Asubuhi inayofuata ana kifungu cha kusoma ambacho hatakihubiri.